Umeme, maji, gesi na choo vikigoma: mwongozo kwa anayeishi kwenye RV kambini

Umeme ukikatika kambini saa mbili usiku wa Januari, RV, yaani gari au trela la kuishi, haizimiki papo hapo. Taa zinawaka, pampu inasukuma maji, hita ya gesi inanguruma kama kawaida. Ikifika alfajiri ndani kuna baridi kama nje, na mitungi yote miwili ya gesi bado ina gesi tele. Kilichoisha ni betri: feni ya hita inaendeshwa na betri ya volti 12, na betri hiyo ilikuwa ikichajiwa na umeme uliokatika. Ndiyo maana kwenye RV ukiona kitu kimoja kimegoma, usianze kukifungua hicho. Angalia kwanza kinachokilisha.

Tunazungumzia kambi za Marekani, ambako watu wengi hukaa kwa mwezi au mwaka: mafundi wa mabomba ya mafuta, manesi wa mikataba ya wiki 13, madereva wa malori, na wengine waliochoshwa na kodi za nyumba.

Tatizo ni la nani?

Kisanduku cha umeme, koki ya maji na tundu la maji taka vilivyopo kwenye kiwanja chako ni vya kambi. Kuanzia plagi ya kebo yako, mpira wako wa maji na bomba lako la maji taka, mzigo ni wako. Gesi kwa kawaida ni yako yote. Mpaka huu ni wa kuujua kabla hujapiga simu, kwa sababu fundi wa RV anayekuja na gari lake hutoza pesa ya safari hata akikuta kilichoharibika ni kisanduku cha kambi. Akishagundua hivyo atafunga vifaa vyake aondoke, maana kisanduku hicho haruhusiwi kukigusa.

Njia ya haraka ni kuwatazama majirani. Wao wakiwa na umeme na wewe huna, hitilafu iko kwenye kisanduku chako au ndani kwako. Safu nzima ikikosa umeme, ni ya kambi au ya shirika la umeme. Ukiripoti ofisini, ripoti kwa ujumbe wa maandishi wenye picha, uandike na saa. Soketi iliyoungua ikipigwa picha leo, wiki ijayo hakuna atakayesema uliiunguza wewe. Waya wa umeme ukianguka chini, kaa mbali angalau mita 10 na upige 911, namba ya dharura. Ofisi itapigiwa baadaye.

Umeme: pima kabla ya kuchomeka

Aliyezoea umeme wa volti 230 wa Dar au Nairobi, wenye laini moja na nyutro, inabidi abadili picha kichwani. Soketi ya ampea 30 ya kambi ina matundu matatu na inatoa volti 120, yaani wati 3,600 kwa jumla. Soketi ya ampea 50 ina matundu manne: ethi, nyutro, na laini mbili zenye volti 120 kila moja dhidi ya nyutro. Kati ya laini na laini ni volti 240. Jumla yake ni wati 12,000, zaidi ya mara tatu ya ile ya 30, ingawa namba zinaonekana kukaribiana.

Multimita (kipimio cha umeme) ya bei ya kawaida inatosha. Iweke kwenye volti za AC (umeme wa kisanduku), shika vishikio vya plastiki, usiguse chuma. Kwenye soketi ya 30, kati ya matundu mawili ya pembeni usome karibu 120. Kutoka tundu moja kwenda ethi usome 120, na kutoka la pili kwenda ethi usome karibu sifuri. Ukipata 120 kati ya matundu mawili lakini hupati chochote kwenda ethi upande wowote, ethi imekatika, usichomeke.

Soketi ya 30 iliyotoka kutengenezwa ipime hata kama fundi wa kambi amekuapia. Kuna kosa linalojirudia: fundi wa majumbani anaiona, anaidhania ni ya mashine ya kukaushia nguo, anaiunga kwa volti 240. Maikrowevu, chaja ya betri na televisheni vyote huungua kabla hujatoa mkono kwenye swichi.

Kwenye soketi ya 50, pima kila laini dhidi ya nyutro. Ukiona mfano 95 upande mmoja na 145 upande wa pili, nyutro imelegea au imekatika. Jumla bado ni 240, ila hakuna kinachozigawa sawa, kwa hiyo upande wenye mzigo mdogo unapandishiwa volti. Dalili ukiwa umeshachomeka: baadhi ya vifaa vya volti 120 vinafanya kazi kwa unyonge huku vingine vinazidishiwa nguvu. Zima breka ya kisanduku kwanza, ndipo uchomoe. Kuchomoa plagi ikiwa na mzigo hutoa cheche, na cheche hizo ndizo huunguza meno ya plagi na kuzaa tatizo la mwezi ujao.

Kifaa kinachoitwa EMS, kinachokaa kati ya kisanduku na kebo yako, hufanya vipimo hivi chenyewe na kukata umeme ukishuka chini ya takriban volti 104 au kupanda juu ya 132. Kinachouzwa kama kizuia radi tu hakifanyi kazi hiyo. Soma boksi kabla ya kulipa. Kati ya vyote vilivyotajwa humu, hiki ndicho tungekinunua kwanza.

Ukigusa mlango wa RV huku umesimama chini ukahisi kama unachomwa na vijisindano, mwili wa gari una umeme. Maana yake kuna kifaa kinachovujisha, mara nyingi koili ya hita ya maji iliyotoboka, na wakati huohuo ethi haifanyi kazi. Usirudi kupanda ngazi. Zima breka ya kisanduku, chomoa, na asiguse mtu yeyote hadi chanzo kijulikane. Watoto wenye miguu mitupu iliyolowa ndio walio hatarini zaidi.

Breka kujizima mara nyingi ni hesabu tu. Kwenye ampea 30, kiyoyozi cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha joto) kinakula kama ampea 13. Hita ya maji ikiwa upande wa umeme inakula 12. Hapo tayari 25. Washa maikrowevu, nyingine 12 au 13, na breka inaanguka. Iweke hita ya maji upande wa gesi na tatizo limekwisha. Breka inayojizima baada ya dakika kumi au zaidi inalalamikia mzigo mkubwa au joto la muunganiko uliolegea. Inayojizima pale pale unapoiwasha inakuambia kuna shoti. Na breka za kambi huchoka, kwa sababu kila mgeni anazitumia kama swichi. Ukishaona plagi yako ina weusi au plastiki imeyeyuka, badilisha plagi na omba kiwanja kingine, la sivyo soketi ileile itaiunguza mpya.

Mchana wa joto kali, kila mtu akiwasha kiyoyozi, volti za safu nzima zinashuka. Chini ya 105 zima kiyoyozi chako, hata kama ndani kunachoma. Kompresa inayokosa volti huvuta ampea nyingi zaidi, inachemka, na kiyoyozi kipya ni ghali kuliko siku mbili za jasho.

Soketi za bafuni, jikoni na nje zikifa kwa pamoja huku kiyoyozi kinafanya kazi, tafuta soketi yenye vitufe vya TEST na RESET, kwa kawaida iko bafuni. Bonyeza RESET. Ikigoma, kagua soketi ya nje kama imeingia maji ya mvua.

Kambi nzima ikiwa giza, zima breka yako ya kisanduku na uzime kiyoyozi. Umeme ukirudi huja ukiyumba, na majirani wote wanawasha pamoja. Subiri dakika tano, pima, washa breka, na kiyoyozi kiwe cha mwisho.

Betri: kiungo kinachosahaulika

Ndani ya RV kuna kifaa kinachobadili umeme wa volti 120 kuwa volti 12 na kuchaji betri. Taa, pampu ya maji, feni ya hita, bodi ya friji ya gesi na kengele ya gesi vyote vinategemea volti hizo. Weka multimita kwenye betri, upande wa DC (umeme wa betri). RV ikiwa imechomekwa kwenye umeme usome kati ya 13.2 na 14.4. Ukisoma chini ya 12.8, betri haichajiwi: kagua breka ya chaja, kisha fyuzi, kisha chaja yenyewe. Ikiwa imechomolewa, betri ya asidi iliyojaa husoma karibu 12.6, ikifika 12.1 imebaki nusu, na kuishusha zaidi ya hapo ni kuifupishia maisha.

Hesabu ya usiku mmoja wa baridi ni hii. Betri ya ampea-saa 100 inakupa 50 za kutumia. Feni ya hita inakula ampea 8. Ikizunguka nusu ya muda kwa saa 10, zimeondoka 40. Ongeza taa, kengele na vijibodi vinavyokula polepole, betri imeisha kabla ya jua kuchomoza, na baridi yenyewe huipunguzia nguvu. Kwa hiyo shusha joto hadi kiwango cha kuvumilika mapema jioni, jamani, msingoje saa kumi usiku. Anayeishi mahali penye barafu awe na betri mbili, au jenereta ndogo ya wati 2,000 ya kuchaji. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha yako na ya jirani. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu na inaua watu usingizini.

Kengele ya gesi inayolia mlio mfupi kila baada ya muda, bila harufu yoyote, mara nyingi inalalamikia betri iliyoshuka. Pia zina mwisho wa matumizi, miaka 5 hadi 7; tarehe imeandikwa nyuma.

Ukibadilisha betri, tahadhari na rangi. Kwenye gari dogo nyeusi ni hasi. Kwenye trela nyingi za RV waya mweusi ni chanya na mweupe ndio hasi. Wengi huunga kinyume, na fyuzi mbili kubwa za chaja, za ampea 30 au 40, hukatika papo hapo. Hizo zipo kwa kazi hiyohiyo. Badilisha zote mbili kabla hujanunua chaja mpya. Fyuzi ndogo zina rangi: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Iliyoungua irudishiwe ya rangi ileile. Ukiweka kijani mahali pa bluu, waya ndio utakuwa fyuzi.

Gesi

Mtungi wa pauni 20 una takriban BTU 430,000. Hita ya BTU 30,000 kwa saa inaumaliza kwa kama saa 14 za moto mfululizo, au siku moja na ushee ikiwa inawaka na kuzima. Kwenye baridi ya kweli, mtungi mmoja wa akiba hautoshi wikendi.

Tatizo la kawaida kuliko yote: umebadilisha mtungi, jiko linawaka kwa moto mdogo wa kusinzia na hita inakataa. Umefungua koki haraka mno. Kiungo cha mtungi kina kizuizi kinachodhani mpira umekatika, kikabana gesi. Funga koki ya mtungi, zima vyote vya ndani, subiri dakika chache, kisha fungua polepole sana, robo mzunguko kwanza. Washa jiko litoe hewa iliyomo kwenye bomba, ndipo uwashe hita.

Kila ukifungua kiungo, kipake maji ya sabuni ya vyombo. Povu likivimba, panavuja. Usipime kwa kiberiti, hata kama ndivyo ulivyoona wakifanya nyumbani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, ndiyo maana kengele yake iko chini karibu na miguu. Ukisikia harufu kali ndani: zima moto, usiguse swichi yoyote, toka na kila mtu, funga mtungi ukiwa nje, piga 911 ukiwa mbali.

Jiko si hita. Kuwasha plate zote nne na kufunga madirisha ni kutengeneza kaboni monoksidi ndani ya chumba cha mita chache. Nayo hita ya umeme ya wati 1,500 inakula ampea 12.5, chomeka moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni, na uguse plagi baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, toa. Kuna mtego mwingine hapa: kwenye RV nyingi, hita kuu ya gesi hupitisha hewa ya moto pia chini ya sakafu, kwenye matangi na mabomba. Ukitegemea hita ya umeme peke yake, wewe utapata joto huku mabomba chini yako yanaganda.

Maji

Dawa ya kukatika maji ni ya kabla: tangi lako la maji safi liwe na angalau theluthi moja siku zote, hata kama umeunganishwa na koki ya kambi. Waliokulia kwenye mgao wa maji hawahitaji kufundishwa hili, lakini RV huwalevya watu kwa sababu maji yanatoka tu. Maji yakikatika, funga koki ya kambi, washa pampu, endelea. Ndoo na kata kwa kuoga hutumia galoni moja na nusu; bafu la RV hutumia hizo kwa dakika moja hivi.

Kabla ya lolote, zima hita ya maji, umeme na gesi. Koili ya umeme ikiwaka kwenye tangi tupu huungua kwa sekunde chache tu, na hili ndilo kosa la gharama linalofuata baada ya kila maji kukatika. Yakirudi, usiunganishe moja kwa moja. Chomoa mpira kwenye RV, uache umwage chini dakika tano hadi tope liishe. Unganisha tena kupitia kipunguza presha, kilichowekwa kwenye psi (kipimo cha presha) 45 hadi 50, kwa sababu baada ya matengenezo presha huruka. Fungua bomba la moto mpaka maji yatoke bila kukohoa, na hapo tu ndipo uiwashe hita. Maji yakitoka kidogo, safisha kichujio kidogo cha wavu pale mpira unapoingilia na vile vya kwenye midomo ya mabomba; mchanga hukwama hapo.

Kambi ikitangaza kuchemsha maji, yachemke kwa nguvu dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya futi 6,500, kama kambi nyingi za milimani Colorado. Huna moto? Weka matone 8 ya bleach ya asilimia 6, isiyo na manukato, kwa galoni moja, au matone 6 ikiwa ni ya 8.25, usubiri dakika 30. Tangi lenyewe ukilisafisha baadaye, ni robo kikombe kwa kila galoni 15. Pitisha kwenye mabomba yote hadi usikie harufu, liache usiku kucha, kisha mwaga na suuza.

Pampu inayojiwasha kila baada ya dakika chache bila mtu kufungua maji inakuambia kuna uvujaji. Tangi la maji safi likijaa lenyewe wakati umeunganishwa na kambi, vali ya ndani ya pampu imechoka na inaruhusu maji kurudi nyuma. Bomba lililopasuka si la kuogopa: funga maji, fungua bomba la jikoni kupunguza presha, kata sehemu mbovu kwa mkato ulionyooka, unganisha kipande kipya cha PEX (bomba la plastiki) cha nusu inchi kwa viungo viwili vya kusukumia. Hakikisha kila upande umeingia hadi mwisho, kama inchi moja. Weka futi mbili za bomba na viungo vinne kwenye sanduku.

Kwenye barafu, jaza tangi jioni, funga koki, chomoa mpira, umwage, ulale ukitumia pampu. Koki za kambi zisizoganda hujimwaga chini ya ardhi zikifungwa. Mpira uliojaa maji ukiachwa umeunganishwa huzuia mmwago huo, koki inapasuka na kambi inakudai. Mpira wenye waya wa kupasha joto ni mzuri, ila unategemea umeme. Texas ilipoganda Februari 2021, zaidi ya nyumba milioni 4 zilikosa umeme, na mpira wa namna hiyo bila umeme ni mpira tu.

Maji taka

Ukiona maji yanapanda kwenye tundu la kiwanja chako, au jirani analalamika kila ukimwaga, mfereji mkuu wa kambi umeziba. Funga vali zako zote mbili, ya tangi la choo na ya tangi la maji ya kuogea na vyombo, na umwite msimamizi. Usijaribu kuuzibua kwa maji mengi. Yatatokea kwa mtu wa bondeni. Matangi yako, mara nyingi galoni 30 hadi 40 kila moja, yatakuvusha siku mbili tatu ukioshea vyombo kwenye beseni, ukioga kwenye bafu za kambi na ukitumia choo chako usiku tu. Zikizidi, kuna matangi ya plastiki yenye magurudumu ya kuvutia hadi kituo cha kumwagia.

Kama kuziba ni kwako, sababu karibu siku zote ni vali ya tangi la choo kuachwa wazi. Maji hukimbia, kinyesi na karatasi vinabaki, vinajijenga kichuguu chini ya choo na kukauka. Funga vali, mimina galoni 10 au zaidi za maji ya uvuguvugu kupitia choo, uyaache usiku kucha, na ukihama yaache yatikisike njiani, ndipo umwage. Kuanzia hapo vali ikae imefungwa mpaka tangi lifike theluthi mbili. Mwaga la choo kwanza, halafu la maji ya kuogea na vyombo, yasuuze bomba. Bomba lenyewe literemke robo inchi kwa kila futi. Likilala kwenye bonde, maji yatatuama na usiku wa baridi yataganda humo.

Harufu ndani ya RV siku mbili baada ya kutengenezwa yote hayo? Mimina kikombe cha maji kwenye kila sinki na kwenye tundu la bafu. Kona za mabomba, ambazo maji yake huzuia harufu, zimekauka wakati maji yalipokuwa yamekatika.